Mkono Ukikataa

Ijumaa moja ya Septemba 2022, nchi nzima ikiwa bado inabishana kuhusu uchaguzi, nilikuwa nimekaa kwenye stuli ndefu katika mkahawa mmoja hapa Nairobi, gita pajani, nikiwachezea watu waliokuwa wanakula. Ilikuwa kazi yangu ya kila Ijumaa. Masaa matatu ya muziki, sahani moja ya chakula, na pesa za kutosha nauli na kuweka kando kidogo ya nyumba. Nilikuwa nacheza omutibo, ule mtindo wa gita kavu wa Magharibi ambao wengi wanaujua kupitia George Mukabi. Mkono wa kulia unatumia vidole viwili tu. Kidole gumba kinatembeza besi kwenye nyuzi nene bila kupumzika, na kidole cha shahada kinaimba juu yake kwenye nyuzi nyembamba. Vile vingine vitatu vinakaa tu kama abiria.

Katikati ya wimbo, kidole changu cha shahada kilijikunja kuelekea kiganjani, kikakaa huko.

Hakikuuma. Hapo ndipo watu wengi hunishangaa, kwa sababu tumezoea kwamba kiungo kikiwa na shida kinalia. Hakikufa ganzi pia. Nilikinyoosha, kikanyooka. Nikakirudisha kwenye uzi, kikajikunja tena, polepole, kama jani la mgomba likikauka. Nilimaliza ule wimbo kwa kidole gumba peke yake. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akaniletea mia mbili na kuniambia nina kipaji.

Usiku huo nyumbani nilikijaribu kila mahali. Nilifunga vifungo vya shati, sawa. Niliandika meseji, sawa. Nilimenya kitunguu, nikageuza chapati, nikahesabu sarafu, sawa. Hata nilipocheza gita hewani, bila gita, kidole kilirukaruka vizuri kabisa. Lakini nikishika gita lenyewe, kinajikunja. Ni kama kilikuwa kimegombana na kitu kimoja tu duniani, na kitu hicho ndicho kilichokuwa kinanilisha.

Nilifanya kile ambacho kila mwanamuziki hufanya. Nilifanya mazoezi zaidi, masaa sita kwa siku, wiki baada ya wiki, nikikilazimisha. Leo najua kwamba hilo ndilo jambo baya zaidi ningeweza kufanya. Kisha nikaenda kwa mtu wa kukanda. Kisha kwa mtaalamu wa viungo aliyesema ni kano. Kisha kwa maombi. Kukhu, nilipompigia simu, alinyamaza kidogo halafu akasema, "Mjukuu wangu, kuna mtu amekuonea jicho." Daktari wa hospitali moja kubwa alipiga picha mkono, akaona mifupa iko salama, akaniuliza kama nina mawazo mengi. Nikamwambia niliacha chuo mwaka wa tatu ili nicheze gita. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu, akaandika dawa za usingizi.

Ilichukua miezi minane kufika kwa daktari wa neva aliyenipigia simu kabla ya miadi na kuniambia, "Kuja na gita." Hakuna mwingine aliyewahi kuniambia hivyo. Alinitazama nikicheza kwa dakika kumi hivi, akaniambia nivae glavu ya mpira ya hospitali, nicheze tena. Kwa muda mfupi kidole kilitii. Nilikaribia kulia. Yeye akatabasamu, akaniambia ugonjwa wangu una jina. Ni distonia ya sehemu moja ya mwili, ile inayowapata wanamuziki. Inakadiriwa kwamba humpata mmoja kati ya wanamuziki mia wa kulipwa. Inaonekana zaidi kwa wanaume, na mara nyingi huanza mtu akiwa katika miaka ya thelathini, wakati mkono umefika kileleni.

Sikutoka pale nimepona. Lakini jina lilinipa kitu ambacho tiba bado haijanipa, nalo ni watu. Nilianza kuwatafuta waliopitia hapa kabla yangu, na wa kwanza niliyekutana naye alikuwa mwanafunzi wa sheria aliyeacha chuo.

*

Robert Schumann alizaliwa Zwickau, Ujerumani, mwaka 1810. Baba yake, muuza vitabu, alifariki kijana akiwa na miaka 16, na mama akaona njia salama ni sheria. Kwa hiyo mwaka 1828 Schumann akaandikishwa chuo kikuu cha Leipzig, baadaye akahamia Heidelberg. Kila mtu ambaye amewahi kusomea kitu kwa ajili ya mama yake anaujua mwisho wa hadithi hii. Mwaka 1830 alimwandikia mama barua kwamba anataka piano. Mama akamwandikia mwalimu wa piano Friedrich Wieck kumuuliza kama mtoto anajidanganya. Wieck akajibu kwamba akifuata masharti, ndani ya miaka mitatu atamfanya mmoja wa wapiga piano wakubwa walio hai.

Haikufika miaka mitatu. Kufikia 1832 kidole cha kati cha mkono wa kulia kilikuwa kimeacha kumtii. Katika shajara yake mwaka huo anataja kifaa alichokitumia kukinyoosha au kukiimarisha kidole hicho. Daktari mmoja alimshauri ale matibabu yaliyoitwa bafu za wanyama, yaani kutia mkono ndani ya matumbo yenye joto ya mnyama aliyetoka kuchinjwa. Alijaribu. Alijaribu umeme. Alijaribu homeopathi. Kufikia mwisho wa 1832 alikuwa amekubali kwamba mkono hauponi. Miaka ya 1840 mkono huo ulimpa faida moja tu. Vyeti vya madaktari vilimwondolea wajibu wa kutumika katika kikosi cha ulinzi wa mji.

Shuleni mwalimu wetu wa muziki alitusimulia Schumann kama hadithi ya onyo. Kijana mwenye haraka ya kufaulu alijitengenezea mashine, mashine ikamharibu kidole, basi nanyi muwe na subira. Nadhani hadithi hiyo imedumu karibu miaka mia mbili kwa sababu ni mahubiri mazuri. Ina dhambi, ina adhabu. Lakini ukifuata shajara zake, inaonekana kidole kilianza kumsumbua kabla ya kifaa kutajwa. Mashine haikuleta ugonjwa. Ilikuwa ni kijana mwenye hofu akijaribu kujitibu. Namwelewa kabisa. Mimi nilifunga kidole changu kwa kijiti cha aiskrimu na plasta kwa wiki mbili.

Baada ya kifo chake mwaka 1856, waandishi walimtafutia sababu nyingine. Wengine walisema kaswende, na zebaki iliyotumika kuitibu. Wengine walisema aliumia neva. Ni karne hii tu ambapo Eckart Altenmüller wa Hannover, daktari ambaye pia ni mpiga filimbi, aliyapanga maelezo ya zamani na kusema yanafanana na distonia. Hakukuwa na maumivu. Kidole kilikuwa kimoja. Kazi iliyoharibika ilikuwa moja. Wapo pia waliochunguza Toccata, opasi 7, kazi ngumu ya piano ya Schumann iliyochapishwa 1834, wakaona kwamba inaweza kuchezwa bila kutumia kidole cha kati cha mkono wa kulia. Yaani jamaa aliandika mojawapo ya vipande vigumu zaidi vya wakati wake akikizunguka kile kidole kama mtu anayelizunguka shimo barabarani ambalo kaunti haitalifukia.

Mwaka huohuo wa 1834 alianzisha na wenzake jarida la muziki Leipzig, akawa mwandishi na mhariri kwa miaka kumi hivi. Muziki wake wa piano ukawa unachezwa na Clara, binti ya Wieck, waliyeoana 1840 baada ya kesi na baba mtu. Watu hupenda kusema kwamba kidole kilichoharibika ndicho kilichotupa mtunzi. Pengine. Lakini nimegundua kwamba sentensi hiyo husemwa na watu ambao vidole vyao vyote viko sawa.

*

Schumann hakuwa wa kwanza, na wala wanamuziki hawakuwa wa kwanza. Kabla ya piano ilikuwa kalamu. Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia ambaye watu humwita baba wa tiba ya magonjwa ya kazi, aliandika mwanzoni mwa karne ya 18 kuhusu makarani. Alimtaja mwandishi mmoja wa hati aliyeandika maisha yake yote mpaka mkono wa kulia ukamkataa. Akajifunza kuandika kwa kushoto. Baada ya muda, kushoto nako kukashikwa.

Karne ya 19 ilileta makarani wengi kuliko wakati wowote kabla yake. Dola ya Uingereza iliendeshwa kwa wino. Leja, barua, nakala za nakala. Na makarani walianza kuonekana kwa madaktari wakiwa na mkono unaojikunja ukigusa kalamu, lakini unaoweza kushika kisu na uma bila shida. Wengine walilaumu kalamu za chuma, zilizokuwa zinachukua nafasi ya kalamu za unyoya. Samuel Solly alitoa mihadhara London miaka ya 1860 kuhusu kile alichokiita kupooza kwa waandishi. Mwaka 1887 George Vivian Poore aliandika kuhusu mikono ya wapiga piano. Mwaka uliofuata William Gowers, katika kitabu chake kikubwa cha magonjwa ya neva, aliwaweka wote katika kundi moja, makarani, wapiga piano, washonaji, watu wa telegrafu. Aliyaita magonjwa ya neva yanayotokana na kazi.

Watu wa telegrafu ndio walionishika zaidi. Kazi yao ilikuwa kubonyeza kitufe kimoja, fupi na ndefu, maelfu ya mara kwa zamu moja. Mkono ulipokataa, karani wa telegrafu hakuweza kutuma herufi fulani bila kukosea. Mwaka 1908 Uingereza iliuweka ugonjwa huo kwenye orodha ya magonjwa ambayo mfanyakazi anaweza kulipwa fidia. Hapo sasa kukawa na swali la pesa, na swali la pesa huleta kamati. Kamati ilitoa ripoti mwaka 1911. Ilisema chanzo ni viwili: uchovu wa kurudia mwendo mgumu, na udhaifu wa neva wa mfanyakazi mwenyewe.

Soma hiyo ya pili tena. Udhaifu wako mwenyewe. Ni yale maneno ya daktari wangu na dawa zake za usingizi, miaka zaidi ya mia moja kabla.

Katika karne ya 20 mambo yaliharibika zaidi kabla ya kutengenea. Neno distonia lilibuniwa mwaka huohuo wa 1911 na daktari wa Berlin, Hermann Oppenheim, lakini yeye alilitumia kwa ugonjwa mwingine unaopinda mwili mzima wa watoto. Mkono wa karani na wa mpiga piano haukupata jina hilo. Ulianza kuhamia taratibu upande wa magonjwa ya akili. Ikawa mpiga piano ambaye kidole kimejikunja anaulizwa kuhusu mama yake, kuhusu ndoa yake, kuhusu hofu yake ya kufaulu.

Ni mwaka 1982 ambapo Sheehy na Marsden, London, waliwachunguza watu wenye mkono wa karani, wakapima na hali yao ya akili. Hawakuwakuta na matatizo ya akili kuliko watu wengine. Walichokikuta ni distonia, ile familia ya Oppenheim, ila imejifungia sehemu moja ya mwili. Toka Ramazzini mpaka hapo ni kama miaka 270. Watu wote hao katikati, waliofutwa kazi, waliohurumiwa, waliochekwa, walikuwa na ugonjwa wa ubongo wa kawaida kabisa.

*

Unavyofanya kazi, kwa lugha ninayoielewa mimi, ni hivi. Ubongo una ramani ya mkono. Kila kidole kina kiwanja chake, na mipaka. Ukifanya mazoezi viwanja vinapanuka, na hilo ni zuri, ndiyo maana mazoezi yanasaidia. Lakini kwa baadhi ya watu, mwendo uleule ukirudiwa kwa kasi na usahihi kwa miaka, mipaka inaanza kufutika. Mwaka 1996 Nancy Byl, Michael Merzenich na wenzao walionyesha hilo kwa nyani waliofundishwa kushika na kuachia mpini tena na tena. Nyani walianza kushindwa, na ramani za mikono yao kwenye ubongo zilikuwa zimechanganyika. Mwaka 1998 watafiti wa Ujerumani walipima wanamuziki wenye distonia, wakakuta viwanja vya vidole vimesogeleana. Ukikiita kidole kimoja, wanaitika wawili. Misuli ya kukunja na ya kunyoosha inavutana kwa wakati mmoja, na ya kukunja inashinda.

Kuna mambo ya urithi pia, na ndiyo maana watu wawili wanaweza kufanya mazoezi sawa na akashikwa mmoja. Ila kitu kilichonikaa ni hiki. Sisi huona ujuzi ni kama pesa benki, ukiweka zaidi unakuwa na zaidi. Kumbe mkono unaweza kujifunza kupita kiasi. Kidole changu hakikusahau omutibo.

*

Watu wakinitafutia moyo, hunitumia hadithi ya Leon Fleisher. Nami nimeisoma mara nyingi, lakini sidhani tunaisoma sawa.

Fleisher alizaliwa San Francisco mwaka 1928, akawa mwanafunzi wa Artur Schnabel akiwa bado mtoto. Mwaka 1952 alishinda shindano la Malkia Elisabeth kule Brussels, Mmarekani wa kwanza kulishinda. Rekodi zake za Beethoven na Brahms na okestra ya Cleveland bado zinasikilizwa. Kisha, karibu 1964, akiwa na miaka 36 hivi, kidole cha pete na kidole cha mwisho cha mkono wa kulia vilianza kujikunja chini ya kiganja. Alikuwa anajiandaa kwa ziara ya Umoja wa Kisovieti. Aliongeza mazoezi. Bila shaka aliongeza mazoezi.

Miaka iliyofuata ilimvunja. Ameeleza mwenyewe kwamba alifikiria kujiua. Alijaribu sindano, kukandwa, usingizi wa kiini macho, kila kitu ambacho mtu yeyote alimpendekezea. Akabaki akifundisha Baltimore, akaongoza okestra, na akacheza kazi za mkono wa kushoto. Nyingi za kazi hizo zipo kwa sababu ya msiba wa mtu mwingine. Paul Wittgenstein wa Vienna alipoteza mkono wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na kwa kuwa familia yake ilikuwa na mali, alilipa watunzi wamwandikie. Ravel alimwandikia, Prokofiev alimwandikia, Britten alimwandikia. Hindemith alimwandikia pia, mwaka 1923, lakini Wittgenstein hakuicheza, akaificha. Ilipatikana baada ya miongo mingi, na aliyeicheza mara ya kwanza mbele ya watu, Berlin mwaka 2004, ni Fleisher.

Mwaka 1982 Baltimore ilifungua ukumbi mpya wa muziki, na Fleisher akarudi jukwaani kwa mikono miwili, televisheni ikirusha. Watu walisimama na kushangilia. Yeye mwenyewe alijua mkono bado haujarudi, akarudi kwenye kushoto. Huwa nafikiria sana ile usiku. Mimi na mia mbili zangu za mkahawani, yeye na ukumbi mzima. Ukipigiwa makofi kwa kitu ambacho unajua si chenyewe, unakuwa mpweke sana.

Rafiki yake, Gary Graffman, aliyezaliwa mwaka uleule, naye mkono wake wa kulia ulimkataa mwishoni mwa miaka ya 1970. Watu wa muziki walificha haya mambo kama watu wanavyoficha madeni, kwa sababu mwenye ukumbi akisikia, hupigiwi simu tena. Mwaka 1981 gazeti la New York Times likachapisha habari ya Graffman. Wanamuziki wakaanza kujitokeza kwa madaktari, mmoja mmoja, wakisema mimi pia. Graffman alikwenda kuongoza chuo cha Curtis, Philadelphia, akafundisha watoto ambao leo dunia inawajua, akina Lang Lang na Yuja Wang.

Tiba iliyomsaidia Fleisher ilikuja miaka ya 1990. Ni sumu ya botulinamu, ileile Botox ya kuondoa makunyanzi, ikidungwa kwa kipimo kidogo ndani ya msuli unaokunja, ili udhoofike. Aliichanganya na kukandwa kwa kina. Mwaka 2004 akatoa albamu aliyoiita Two Hands, mikono miwili. Hapo ndipo wanaonitumia hadithi huishia, na emoji ya mikono ya maombi. Lakini sumu ile huisha baada ya miezi mitatu hivi, kisha unadungwa tena. Fleisher hakupona. Alipata njia ya kucheza akiwa na ugonjwa, mpaka alipofariki mwaka 2020 akiwa na miaka 92. Kwangu mimi hiyo ni hadithi kubwa kuliko ya muujiza, ila haitoshei kwenye emoji.

*

Marafiki walinichangia sindano moja. Bei yake ilizidi kodi yangu ya miezi mitatu. Kidole kiliacha kujikunja sana, lakini kikawa legelege, kikipiga uzi kama mtu anayebisha mlango akiogopa kufunguliwa. Miezi mitatu ikaisha, sindano ikaisha nguvu, na sikuwa na uso wa kuchangisha tena. Siku hizi najifunza kwa mwendo wa kobe, gita limekaa paja lingine, dakika kumi kwa siku halafu naliweka chini. Nimefikiria kugeuza gita nicheze kwa mkono wa pili, kama alivyofanya Billy McLaughlin, mpiga gita wa Marekani. Halafu namkumbuka yule mwandishi wa Ramazzini na mkono wake wa kushoto, nasita. Kodi yangu inalipwa na kuandika. Sikupanga hivyo.

Desemba 2023 nilienda nyumbani, upande wa Butere. Kukhu aliniambia kuna mzee ng'ambo ya mto ambaye zamani alikuwa fundi wa gita hakuna mfano, akicheza kwenye harusi na matanga miaka ya 1970, mpaka akarogwa. "Enda umwone," akasema, "labda mmeonewa na jicho moja."

Nilimpata amekaa chini ya mwembe. Nilimwamkia, nikajitambulisha ni mjukuu wa nani, akanikaribisha kiti na kumwagiza mtoto alete chai. Alipoona gita mgongoni akacheka. Akasema hajashika gita tangu alipouza lake. Aliyemroga alikuwa mwenzake wa bendi. Waligombania pesa za harusi moja, na mwezi haukuisha kidole chake kikaanza kuingia ndani. Alitoa mbuzi kwa mganga. Haikusaidia. Basi wakaachana, kila mtu na njia yake.

Nikampa gita. Alilishika kama mtu anayeshika mtoto wa jirani. Kidole gumba kikapata besi palepale, imara, miaka hamsini haijagusa kitu. Kisha kidole cha shahada kikashuka kwenye uzi wa kwanza, na kikajikunja kuelekea kiganjani, polepole, vilevile.

Mimi si daktari, na sikumpima mtu. Lakini niliweka mkono wangu kando ya wake, nikacheza, akaona. Hakuna aliyesema neno kwa muda.

"Kina jina?" akauliza.

Nikamwambia. Nikamweleza ramani, viwanja, mipaka. Akauliza kama Wazungu nao hupata. Nikamsimulia Schumann na mkono wake ndani ya tumbo la mnyama aliyechinjwa. Alicheka mpaka akakohoa. "Basi huyo alipoteza zaidi," akasema. "Mimi nilitoa mbuzi mmoja tu."

Kisha akanyamaza. Akatazama ng'ambo, kwenye migomba ya boma la pili.

"Yule mwenzangu alikufa mwaka wa korona," akasema. "Pale tu, unaona ile paa. Na mimi sikwenda kumzika."

Sikuwa na la kumwambia. Chai ilikuja, tukanywa. Nilipoinuka kuondoka aliniomba nimwandikie lile jina kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, ili awaonyeshe watoto wa mwenzake. Nikatoa kalamu, nikaandika. Kidole kiliishika bila shida yoyote.